Wananchi Wamesimamisha Boma, Bati Liko Wapi?

Ukipita vijiji vingi vya Tanzania utakutana na jengo ambalo kila mwenyeji anajua habari zake: kuta za tofali za kuchoma zilizofika kwenye lenta, juu hakuna paa, madirisha ni matundu, na ndani majani yamefika kiunoni. Watu huliita boma. Nililowahi kulitazama kwa muda mrefu kuliko mengine liko katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, na lilikusudiwa kuwa zahanati. Masika kadhaa yalikuwa yamekwisha kulipiga, kiasi kwamba tofali za mistari ya juu zilimomonyoka nilipozigusa kwa kidole, na mbao zilizoshikilia zege la lenta zilikuwa bado zimening'inia upande mmoja kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuzibandua. Mawe ya msingi wake yalisombwa kichwani kutoka mtoni, wengi wa wasombaji wakiwa akina mama, katika siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Makubaliano yalikuwa kwamba kijiji kikifika kwenye lenta, halmashauri ya wilaya italeta bati, mbao za kupaulia na saruji ya kumalizia. Kijiji kilitimiza sehemu yake, halmashauri haikutimiza yake, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ilikuwa na deni.

Naliandika jambo hili kwa sababu siku hizi kila hotuba ya maendeleo inasifu ushirikiano wa wananchi na serikali katika kuleta huduma, nami ni mmoja wa wanaouamini ushirikiano huo kwa dhati. Lakini ushirikiano ni mapatano ya pande mbili, na kwa miaka mingi sisi tumeandika upande mmoja tu. Mchango wa mwananchi unajulikana kwa siku, kwa ndoo ya mchanga na kwa shilingi, na asiyeutoa anafuatwa nyumbani. Mchango wa serikali unabaki kuwa ahadi ya mdomo ya kiongozi aliyepita kwenye ziara. Mwananchi anapewa koleo, kalamu inabaki ofisini.

Kazi ya pamoja haikuletwa kwetu na mradi wala mfadhili. Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro walichimba na kutunza mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni hadi migombani, kabla serikali yoyote ya kikoloni haijafika. Aliyekosa siku ya kusafisha mfongo bila udhuru alijua kwamba zamu yake ya maji iko hatarini mpaka atoe faini. Upareni palikuwa na msaragambo, na sehemu nyingine za nchi zina majina yao. Linalonigusa katika desturi hizo, zaidi ya ule moyo wa kujitolea tunaopenda kuusifu, ni kwamba aliyeshika jembe ndiye aliyeketi kwenye kikao cha kugawa zamu. Kazi na uamuzi vilikaa mikononi mwa watu walewale.

Ukoloni uliichukua kazi ya watu bila kuwaachia uamuzi, na watu waliitambua tofauti hiyo mara moja. Mwaka 1945 Wapare walikusanyika kwa maelfu mjini Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa kodi, kwani ile ya kichwa walikuwa wakiilipa. Walichokataa ni makadirio waliyofanyiwa bila wao kuyakubali. Mwaka 1955 ikawa zamu ya Waluguru kuinuka dhidi ya amri ya kuchimba matuta ya ngazi milimani. Baada ya uhuru kazi ya pamoja ilirudishiwa heshima yake, na shule nyingi na barabara za vijijini za miaka ya 1960 zilitokana nayo. Kisha mwaka 1972, kwa utaratibu uliopewa jina la Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na wilaya zikawekwa chini ya maofisa wa serikali kuu. Zilirudi kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984, na leo Katiba, katika Ibara ya 146, inatamka kwamba madhumuni ya kuwapo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Ukiisoma sheria peke yake utaona kalamu iko kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji, unaojumuisha kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu ya kijiji na hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, kupokea taarifa ya mapato na matumizi na kujadili mipango. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 upo pia utaratibu wa kupanga kwa kuangalia fursa na vikwazo vya maendeleo, ambao wengi wanaufahamu kwa herufi zake za O&OD, unaowataka wanakijiji kuorodhesha wenyewe vipaumbele vyao. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo. Watu walibishana kwa haki, tena kwa ujuzi mkubwa wa mahali pao, kama daraja la mguu lianze au nyumba ya mwalimu. Kisha orodha ikapanda kwenye kata, ikapanda wilayani, na huko ikakutana na ukomo wa bajeti uliokwisha kuamuliwa juu. Kilichorudi kijijini hakikuwa daraja wala nyumba ya mwalimu, na wala haikurudi barua ya kueleza kwa nini. Mwaka uliofuata watu wachache zaidi walikuja mkutanoni, na mtendaji akaandika kwamba mwamko wa wananchi uko chini.

Elimu ndiko tulikojifunza mengi, kwa gharama kubwa. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, wanafunzi waliokuwa chini kidogo ya milioni 5 mwaka 2001 walikaribia milioni 8 ilipofika mwaka 2006. Ongezeko hilo lisingepata pa kukaa kama kamati za shule zisingepewa fedha na wazazi wasingefyatua tofali. Wimbi la shule za kata likafuata. Sekondari za serikali zilikuwa takribani 1,200 mwaka 2005, na miaka 5 baadaye zilikuwa zimepita 3,300. Sidhani kama kuna kipindi kingine tangu uhuru ambapo wananchi wa kawaida walijenga kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo.

Lakini mwananchi anaweza kujenga darasa, hawezi kumsomesha mwalimu wa fizikia, kumwajiri na kumlipa mshahara. Hiyo ni kazi ambayo serikali peke yake inaiweza, na kwa miaka kadhaa haikuendana na kasi ya tofali. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri kabla hayajachakatwa upya, yalizungumzwa sana kama aibu ya wanafunzi na wazazi. Mimi niliyaona, na bado nayaona, kama hesabu ya mapatano ambayo upande mmoja ulitekeleza na mwingine ukachelewa. Hata hivyo ni wananchi walioongezewa mzigo: kulikuwa na agizo kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu kufikia Novemba 2014. Sehemu nyingi mgambo walipita nyumba kwa nyumba na kuondoka na kuku au mbuzi wa mtu aliyeshindwa kutoa mchango. Majengo mengi yalisimama, na mengi kati yake yalikaa muda mrefu bila vifaa wala mwalimu wa kuyatumia.

Ndipo tukaruka upande wa pili. Waraka wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango kuanzia Januari 2016, na mwaka 2018 Rais Magufuli akawazuia walimu wakuu kabisa wasihusike na michango. Wazazi walishusha pumzi, na walikuwa na kila sababu. Ila katika kuondoa kulazimishana tuliondoa pia mazungumzo, kwa maana katika shule nyingi kikao cha michango ndicho kilichokuwa kikao pekee ambapo mzazi aliuliza fedha za shule zimetumikaje. Baba asiyedaiwa chochote akaona pia hana cha kudai.

Mwaka 2021, kwa sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa muda wa miezi michache, kila moja kwa shilingi milioni 20. Utaratibu uliotumika ni ule ambao mafundi wote wanauita fosi akaunti: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, shule inanunua saruji na bati, inapatana na fundi wa jirani, na kamati za ununuzi, ujenzi na mapokezi zinaundwa palepale. Vivyo hivyo, tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya vimekuwa vikipelekewa fedha za mfuko wa afya moja kwa moja kwenye akaunti zao, badala ya kusubiri wilaya iwagawie, na kamati za usimamizi zinapaswa kuamua nini kinunuliwe. Haya ni mambo mazuri na nayasifu bila kusita. Ila kamati ya watu wa kijijini inapopewa wiki chache tu za kukamilisha kazi, kwa simu zinazopigwa kutoka juu kila siku, mjumbe wa mapokezi anajikuta akitia sahihi ya saruji iliyokwisha kuingia ukutani. Sahihi ya namna hiyo haimlindi mtu yeyote.

Kama kuna huduma moja inayoonyesha jambo hili kwa ukamilifu wake, ni maji ya vijijini. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani ifikapo mwaka 1991, tena bila malipo. Lilikuwa lengo la heshima, na sipendi kusikia likibezwa. Kosa lilikuwa kuamini kwamba bomba likiisha kujengwa limekwisha. Pampu iliyoharibika ilikuwa pampu ya serikali, na kijiji kilikaa kumsubiri mhandisi wa wilaya ambaye hakuwa na gari, dizeli wala kipuri. Sera ya maji ya mwaka 1991 ilianza kubadili mwelekeo, na ile ya mwaka 2002 ikaugeuza kabisa: wananchi wachangie ujenzi, wamiliki mradi, na walipie uendeshaji na matengenezo yote.

Hapo tena tulivuka mpaka. Hesabu ya vituo vya maji vijijini iliyofanywa nchi nzima miaka ya mwanzoni ya 2010, iliyogusa makumi ya maelfu ya vituo, ilikuta zaidi ya theluthi moja havitoi maji. Vingine vilikuwa na umri mdogo sana. Nimekaa kwenye kituo kimoja cha namna hiyo na mama aliyekuwa mweka hazina wa kamati yake. Alinionyesha daftari la mkono, la mistari, lenye safu za ndoo na shilingi kwa kila siku, mwandiko wake ukiwa mnyoofu toka ukurasa wa kwanza. Kwa miezi ya mwanzo fedha ziliongezeka. Kisha ukatokea mstari mmoja wa fedha zilizokopwa kwa shughuli ya kijiji, kisha mwingine, na hakuna mstari wa kurudishwa. Washa za pampu, vile vipete vya kuzuia maji yasivuje, zilipokwisha, kipuri kiligharimu zaidi ya kilichobaki. Kilichoniuma ni kwamba mama yule aliliweka daftari lile ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati, miaka kadhaa baada ya bomba kukauka, akingoja siku mtu atakapokuja kulikagua. Hakuna aliyekuja.

Waliosema kwamba kamati za kijiji zimeshindwa walikuwa na nusu ya ukweli. Kamati ya watu wa kujitolea haiwezi kuwa mhasibu, fundi sanifu na mkaguzi kwa wakati mmoja. Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 ilikubali hilo: iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuvipa vyombo vya watumiaji maji vya ngazi ya jamii sura mpya, vijiji kadhaa vikiunganishwa ili viweze kuajiri mhasibu na fundi wanaolipwa. Hii ni hatua ya kweli mbele. Hofu yangu ni kwamba chombo kinapokuwa kikubwa, yule mama wa daftari anageuka mteja wa kawaida, na maarifa yake yanabaki nje ya mlango.

Maarifa hayo si ya kupuuzwa, wala si ya kutukuzwa kupita kiasi. Mhandisi anayefika mwezi Mei hawezi kujua kwamba chemchemi anayoipima hukauka Oktoba. Mchunga mbuzi anajua. Lakini huyo mchunga mbuzi hawezi kuona floraidi. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara yapo maji maangavu, matamu, yenye floraidi nyingi inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto na kupinda mifupa ya miguu, na maabara pekee ndiyo inayoweza kuitambua. Elinor Ostrom, mwanasayansi ya siasa wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kazi ya pamoja ya raia na dola hufaulu pale ambapo kila upande una kitu ambacho mwingine hawezi kukitoa. Miongoni mwa mifano aliyoitumia ni mabomba ya majitaka ya mitaa maskini ya Recife, Brazili, ambako wakazi wa kila kitalu walikubaliana mabomba yapite wapi kwenye viwanja vyao, na mamlaka ya mji ikajenga mkondo mkuu. Kwetu tumekuwa na tabia ya kumwomba mwananchi kile ambacho serikali nayo inacho, yaani fedha, na kuacha kumwomba kile alichonacho yeye peke yake.

Ndugu zetu wa kaunti ya Makueni, Kenya, wameufanyia jambo hili kazi kwa makini kuliko wengi wetu. Katiba ya mwaka 2010 imeufanya ushirikishwaji wa umma kuwa tunu ya taifa, na mahakama zimewahi kubatilisha sheria zilizoupuuza. Lakini katika kaunti nyingi ushirikishwaji huo umekuwa mkutano wa siku moja wenye soda na karatasi ya mahudhurio. Makueni, tangu kipindi cha Gavana Kivutha Kibwana kati ya mwaka 2013 na 2022, mashauriano yanaanzia kijijini na kupanda ngazi kwa ngazi kupitia kamati zilizochaguliwa na watu wenyewe. Kikubwa zaidi ni kwamba kila mradi una kamati ya wananchi, na mkandarasi hapati malipo yake mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanyika. Hilo nalo haliondoi udanganyifu wote, maana mjumbe wa kamati anaweza kununuliwa kama mtu mwingine yeyote. Ila linamlazimu mkandarasi kuzungumza na watu watakaotumia maji au darasa lile, na hiyo peke yake inabadilisha mambo mengi.

Wapo wanaosema, na nawaheshimu, kwamba mazungumzo yote haya ya ushirikiano ni njia ya kumtwisha maskini kazi ya serikali. Katika mitaa ya wenye uwezo jijini Dar es Salaam, mkazi wa Masaki hachimbi mtaro ili apate bomba, wala mkazi wa Oysterbay hasombi kokoto za shule ya mwanawe. Wote wanalipa kodi na ankara, basi. Kwa nini mama wa Same atoe Jumamosi yake? Sina jibu la kulifuta swali hili, kwa sababu lina haki ndani yake. Ninachoweza kusema ni kwamba nguvu ya mwananchi iwe na thamani ya fedha inayoandikwa kwenye kitabu cha mradi, siku kwa siku, na ionekane kwenye bajeti ya halmashauri kama mchango wa mbia. Mbia aliyeweka mtaji ana haki ya kuona hesabu. Na mzee, mjane au mwenye ulemavu asiyeweza kubeba jiwe asigeuzwe mdaiwa.

Nikirudi kwenye maboma, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, MMAM, ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na vijiji vingi vilianza kujenga kwa kuuamini. Tangu hapo wabunge wamekuwa wakiuliza kila mkutano wa Bunge maboma ya majimbo yao yatakamilishwa lini. Dawa yake haihitaji sheria mpya. Halmashauri isiruhusu kijiji kuchimba msingi kabla fedha za kupaua na kumalizia hazijawekwa kwenye bajeti yake kwa jina la jengo hilo. Mapatano yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, yakitaja nani ataleta nini na kufikia tarehe gani, na mkurugenzi atie sahihi chini ya sahihi ya mwenyekiti wa kijiji. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, pale ambapo majina ya wasiochangia yamekuwa yakibandikwa siku zote.

Mara ya mwisho nilipopita kijiji kile cha Upare walikuwa wameitwa tena, safari hii kwa ajili ya nyumba ya mganga. Mwenyekiti alisoma viwango: mchanga ndoo kadhaa kwa kila kaya, mawe, na siku mbili za kazi kwa mwezi. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo yake nyuma ya mkutano aliomba nafasi, akasema yeye na wanawe watafika siku ya kwanza kama walivyofika mara iliyopita, ila kabla mtendaji hajayaandika majina ya wanakijiji, angependa aandike kwanza jina la ofisa atakayeleta bati. Mtendaji aliinua kalamu, akautazama mkutano, kisha akaiweka chini na kusema kwamba itabidi kwanza apige simu wilayani. Watu walikubali kusubiri jibu, na msingi ulikuwa bado haujachimbwa nilipoondoka.